Bi Huenda na Maji ya Kijani

Jina hilo alilipata saluni, na aliyempa ni mteja mmoja mwenye mdomo mwepesi aliyekaa kitini tangu asubuhi akisukwa. Kila baada ya mistari michache msusi aliacha nywele, akaenda mlangoni, akachungulia barabarani, akarudi. "Huenda mtoto katoka shule mapema." Anasuka kidogo. "Huenda pasi nimeiacha kwenye umeme." Anasuka kidogo. "Huenda mvua hii imemkuta baba watoto kwenye ule mteremko." Mteja akamgeukia, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele zimesimama wima, akasema, "Bi Huenda, na mimi huenda nikazeekea kwenye kiti hiki?" Saluni nzima ikaangua kicheko. Tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa likabaki la vitambulisho tu.

Hakukasirika. Alijijua. Alipokuwa msichana mdogo baba yao alitoka nyumbani asubuhi kwenda kuvunja mawe, mzima wa afya, akitania kuhusu viatu vyake vilivyochanika, na kabla ya mchana akarudishwa kwenye mkokoteni amefunikwa turubai. Hakuna aliyekuwa na shaka naye asubuhi ile. Mtoto yule akaliweka hilo moyoni kwa namna yake: kwamba ubaya huja pale ambapo hakuna anayeangalia. Basi akaamua kuangalia yeye. Aliangalia mama alipochelewa kisimani, aliangalia sufuria jikoni, na zaidi ya yote alimwangalia mdogo wake wa kiume, aliyekuwa bado wa kubebwa, na ambaye alikua akipanda kila kilichopandika na kuanguka kutoka karibu kila alichopanda.

Mdogo wake huyo alipokua akawa fundi wa kuchomelea vyuma, kazi ya moto, umeme na ngazi. Bi Huenda aliposikia alikaa chini kwanza.

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Hapo napo tusiseme. Miaka yote ile alilala na simu mkononi kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo. Lakini mume alizeeka salama, akastaafu salama, akarudi nyumbani na kitambi na mizaha yake, na kwa muda ikaonekana kwamba sasa Bi Huenda atapumzika.

Ndipo vidole vikamgeuka. Vilianza kufa ganzi alfajiri, halafu mchana, halafu mstari mmoja wa nywele ukawa unamtoa machozi. Daktari akamwambia wazi: kusuka basi. Alirudi nyumbani, akaitundika kanga ya kazini nyuma ya mlango, na kwa majuma kadhaa akawa anazunguka ndani akifunga milango iliyokwisha kufungwa.

Fundi ndiye aliyekuja na wazo la bwawa. Mama yao aliwaachia kiwanja chenye bonde nyuma ya nyumba, mahali penye tope mwaka mzima ambapo hapakuwahi kuota kitu ila matete. "Dada, pale tunapigana na maji bure," alisema. "Maji yenyewe yamekataa kuondoka. Tuyape kazi." Akachimba yeye mwenyewe na vibarua wake, akajenga kingo, akaweka bomba la kuingiza maji na la kuyatoa. Wakachimba na la pili dogo kando, lakini hilo likaachwa tupu kwanza. Vifaranga wa perege wakaletwa, na aliyewaleta akawa mtu muhimu sana katika maisha ya Bi Huenda.

Alikuwa afisa wa uvuvi, mtu mrefu mwembamba mwenye mabuti makubwa kuliko miguu yake, na watu wa mitaa ile wote walimwita Bwana Samaki. Alipokuja mara ya pili kukagua, maji yalikuwa yameanza kugeuka rangi, na Bi Huenda alimpokea getini akiwa ameshika kichwa.

"Yameoza!" alisema. "Juzi yalikuwa meupe, leo kijani. Huenda ni sumu."

Bwana Samaki alichota maji kwenye glasi, akayainua kwenye jua. "Mama, hii si sumu. Hii ni mimea. Midogo mno, kiasi kwamba mmea mzima ni seli moja tu. Humu kwenye glasi imo maelfu."

"Inakula nini?"

"Haili. Inajipikia. Inachukua maji, inachukua hewa ya ukaa, ile unayotoa wewe ukipumua, na mwanga wa jua ndio unaoipa nguvu ya kupikia. Inatengeneza sukari. Katika kazi hiyo oksijeni inabaki, nayo inaiachia majini. Samaki wako wanapumua hiyo. Ukiona kijani hii, ujue ndimo hewa yao inamotoka."

Bi Huenda akaitazama glasi kwa heshima mpya. Halafu, kama ilivyokuwa tabia yake, akaanza kuitazama kwa mashaka. "Na jua likizama?"

"Likizama, kupika kunasimama. Kupumua hakusimami. Kila chenye uhai, kila seli, ya samaki, ya mmea, ya mwilini mwako wewe, inaivunja sukari kwa kutumia oksijeni ili ipate nguvu ya kuishi, halafu inatoa ile hewa ya ukaa. Mchana kutwa, usiku kucha. Watu husahau kwamba mmea nao unapumua. Kwa hiyo giza likiingia wote mle bwawani wanavuta kutoka fungu lile lile: samaki, mimea, hata vijidudu vinavyoozesha mbolea chini. Kwenye kupambazuka ndipo oksijeni inakuwa kidogo kabisa. Jua likitoka, mimea inaanza tena kupika."

"Na lisipotoka?"

Mume, aliyekuwa ameegemea mlango akitafuna kijiti cha meno, akacheka. "Umejitakia mwenyewe, bwana. Sasa atakuuliza, na likianguka je?"

Lakini afisa hakucheka. Alikunja shati, akazamisha mkono majini taratibu, vidole vimenyooka. Akamwonyesha: vidole vikipotea machoni maji yanapokuwa usawa wa kiwiko, kijani ni ya kutosha. Vikipotea mapema zaidi, mimea imezidi. Acha mbolea, acha kulisha, ongeza maji mapya. "Maana ikiwa mingi," alisema, "siku ya jua inakupa hewa nyingi, lakini siku ya mawingu inakuwa midomo mingi tu."

Bi Huenda akamuuliza mengine pia, maana hakuwahi kupata mtu wa kumuuliza. Kwa nini vidole vyake, enzi za kusuka, vilikuwa vinawaka moto jioni? Bwana Samaki akamwambia hilo la ganzi ni la daktari, lakini ule moto wa misuli anaujua: misuli ikifanya kazi haraka kuliko damu inavyoweza kuiletea oksijeni, seli zinaivunja sukari bila oksijeni. Zinapata nguvu kiduchu, na asidi inajikusanya. Ndipo mtu anasikia kuchomwa. "Unaweza kuhimili hivyo kwa muda mfupi," alisema. "Samaki pia. Kwa muda mfupi."

Maneno hayo Bi Huenda aliyabeba kama yai.

Samaki wakakua. Kila asubuhi na jioni alisimama ukingoni na bakuli la chakula, na wao wakamjua, wakawa wanakuja kwa fujo maji yakichemka chini ya miguu yake. Alikuwa hajawahi kuwa na kazi inayomfurahia namna ile. Lakini furaha kwake haikuwahi kukaa peke yake. Alimpigia simu Bwana Samaki kwa sababu vyura walilia sana. Akampigia kwa sababu ndege mmoja mwenye miguu mirefu alisimama ukingoni na hakufanya lolote. Akampigia siku samaki walipokuwa kimya. "Kimya namna gani, mama?" afisa aliuliza, na Bi Huenda akajibu, "Kimya cha kuficha kitu." Hilo likawa kichekesho cha nyumba. Mume alilisimulia kwa jirani yao mfuga kuku, mwanamke mnene wa sauti kubwa aliyeitwa Mama Kuku, naye akalisimulia kwa wateja wake wa mayai, na kabla ya juma kwisha hata muuza duka alikuwa akimuuliza Bi Huenda, "Samaki wamesema nini leo?"

Alicheka nao. Ila safari hii kitu kilimchoma. Aliona jinsi mumewe anavyogeuza macho kila anapofungua mdomo na kusema huenda, na aliona Fundi anavyoanza kujibu kabla hajamaliza. Akajiambia: nimewachosha. Nyamaza kidogo, mwanamke. Si kila kivuli ni nyoka.

Bahati mbaya ni kwamba alianza kunyamaza wakati ule ule anga lilipofunga.

Mawingu yalikuja mazito, ya rangi ya jivu, yakatanda bila kunyesha mvua ya maana. Manyunyu tu, na upepo ukakata kabisa. Siku ya kwanza Bi Huenda alitazama juu mara nyingi lakini hakusema. Siku ya pili nguo zilizofuliwa ziligoma kukauka, taa ziliwashwa mchana, na yeye akawa anatembea kati ya jikoni na bwawa bila shughuli. Bwawani Fundi alikuwa amemwaga mbolea ya kuku siku chache nyuma, magunia aliyopewa na Mama Kuku, na maji yalikuwa kijani ya kupendeza, kijani nzito kama rangi ya mlango. Fundi aliipenda rangi hiyo. Aliipigia picha.

Jioni ya siku ya tatu Bi Huenda alikunja mkono wa gauni, akazamisha mkono. Vidole vilipotea maji hayajafika hata nusu ya njia ya kwenda kwenye kiwiko. Akautoa, akaupangusa, akauzamisha tena kana kwamba mara ya kwanza ulikosea.

"Mdogo wangu," alimwambia Fundi, aliyekuwa akifunga kitasa cha stoo. "Kijani imezidi. Na jua hakuna."

"Kijani ndiyo afya, dada. Bwana Samaki mwenyewe alisema."

"Alisema na mengine."

"Kesho jua litatoka." Akamshika bega, kwa upendo kabisa. "Nenda kapumzike. Wewe ungekuwa samaki, ungekwisha kufa kwa mawazo."

Simu ilikuwa mfukoni. Aliitoa, akalitazama jina la Bwana Samaki, akaona kama anaisikia sauti yake ya uvumilivu ikiuliza, kimya namna gani, mama? Akairudisha. Lakini mtu mwenye hofu lazima afanye kitu, la sivyo hofu inamtafuna yeye. Akafikiri: jua hakuna, baridi imeingia, viumbe hawa wanahitaji nguvu. Akachukua bakuli, akalijaza, akawapa. Walikula polepole, si kwa fujo ya kila siku. Akaongeza nusu bakuli tena, akiwabembeleza kwa sauti ndogo kama mtu anayemlisha mtoto mwenye homa.

Alilala usingizi wa vipande. Ulipoanza kuonekana weupe hafifu dirishani alikuwa amekwisha vaa kandambili.

Alisikia kabla hajaona. Ulikuwa mlio laini, wa majimaji, kama watu wengi wanaokunywa uji moto kwa pamoja. Akasogea ukingoni. Juu ya maji, kutoka ukingo hadi ukingo, kulikuwa na midomo. Midomo ya mviringo, inafunguka, inafunga, inafunguka. Samaki wake wote walikuwa wamesimama wima vichwa juu, wanavuta ule utando mwembamba wa maji unaogusana na hewa. Alipopiga kofi hawakukimbia. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Hawakuwa na nguvu ya kuogopa.

"Baba watoto!"

Mume alikuja na shuka kiunoni, mzaha uko tayari mdomoni. Akaona. Mzaha ukafia pale pale.

Bwana Samaki alipokea simu kwa sauti ya usingizi, lakini Bi Huenda alipofika kwenye neno midomo, usingizi ulimtoka. "Sikiliza, mama. Usiwape chakula hata punje. Fungua bomba la maji mapya, lote. Halafu uvunjeni huo uso wa maji. Choteni, mwageni kutoka juu, pigeni, rusheni. Maji yakipasuka hewani yanarudi na oksijeni. Msiache hata dakika. Mimi natoka sasa hivi na pampu ya petroli, lakini niko mbali."

Wakaanza. Ndoo, beseni, sufuria kubwa iliyotobolewa matundu kwa msumari ili maji yamwagike kama manyunyu. Mume aliingia majini hadi mapajani, akawa anachota na kurusha juu, kitambi kikitikisika, akihema kama mtu anayepanda mlima. Bi Huenda alisimama ukingoni akimimina. Samaki wakasogea pale maji yalipokuwa yakianguka, wakasongamana chini ya beseni lake, na yeye akamimina, akachota, akamimina. Bomba lilitoa maji kwa uvivu, mkondo mwembamba kama wa kunawia mikono.

Mama Kuku alisikia kelele, akachungulia juu ya ukuta. "Leo samaki wamesema..." alianza, kisha akaona uso wa Bi Huenda. Hakumaliza. Dakika chache baadaye alikuwa ukingoni na ndoo zake mbili za kunyweshea kuku, gauni amelikunja, anarusha maji kwa mikono yenye nguvu ya watu wawili.

Mabega ya Bi Huenda yakaanza kuwaka. Kwanza joto, halafu moto kamili, kutoka shingoni hadi kwenye vifundo. Vidole vilikufa ganzi, ikabidi abane beseni kwa viganja. Alifungua mdomo avute hewa, na haikumtosha, akafungua zaidi. Maji mbele yake yalikuwa yamejaa midomo inayofanya vilevile. Muda mfupi, alisema yule bwana. Mfupi kiasi gani? Hakumuuliza. Yeye aliyeuliza kila kitu, hilo hakuliuliza.

Wa kwanza kugeuka tumbo juu alikuwa mkubwa, mmojawapo wa wale aliokuwa akiwajua kwa alama. Kisha mwingine, mkubwa pia.

Hapo Fundi akafika. Alikuwa amekimbia, hana viatu, begani amebeba pampu ya umeme aliyoazima kwa mjenzi mwenzake, na nyuma yake waya mrefu ukiburuzika kutoka dirishani mwa nyumba hadi kwenye nyasi zilizolowa. Ulikuwa waya wa vipande vitatu vilivyoungwa kwa utepe mweusi. Manyunyu yalikuwa yameanza tena.

"Sogeeni pembeni," alisema. "Hii italirusha bwawa lote juu."

Mume akapanda ukingoni. Fundi akaanza kuteremka majini, pampu kifuani, waya unamfuata.

"Usiingie," alisema Bi Huenda.

"Dada, wanakufa."

"Nawaona. Usiingie na hicho kitu."

"Mimi ni fundi! Nalala na umeme, naamka na umeme!" Alikuwa karibu kulia, uso umelowa. "Kila siku wewe unaona maiti tu. Siku moja hofu zako ndizo zitatuua."

Alishuka hatua nyingine, maji yakamfika magotini. Alikuwa anageuka kumwambia shemeji yake awashe.

Bi Huenda aliiangalia ile midomo. Aliwaangalia samaki aliowalisha kwa mkono wake tangu wakiwa wadogo kama kucha. Halafu akaliangusha beseni, akakimbia. Hakuwa amekimbia kwa miaka mingi. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akapiga goti kwenye kiti, akaifikia swichi kuu na kuishusha. Nyumba nzima ikazima. Akaung'oa na ule waya, akaukunja kunja mkononi, akatoka nao.

"Nimezima," alisema. "Samaki nitafuga wengine. Mama yetu hazai tena."

Ukasikika ule mlio wa kunywa uji tu. Fundi alimtazama kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo. Akaiweka pampu juu ya ukingo, taratibu mno. Kisha akaokota kipande cha bati kilichobaki kwenye ujenzi, akaingia nacho majini, akaanza kuyapiga maji. Alipiga kama mtu anayempiga adui. Hakuacha kupiga.

Bwana Samaki aliingia na pikipiki yake asubuhi imekwisha komaa, pampu imefungwa nyuma kwa mpira. Hakusalimia. Aliitega, akavuta kamba mara kadhaa, mashine ikakohoa na kukubali, na maji yakaruka juu kama mwavuli na kuanguka. Mawingu hayakupasuka, lakini mahali fulani yalipungua unene, na weupe ukaingia bwawani. "Hata huu unatosha kuanzia," alisema afisa akitazama juu. "Imeanza kupika." Polepole, kutoka pembe iliyo karibu na pampu, midomo ikapungua. Samaki mmoja alizama. Wengine wakamfuata.

Karibu theluthi walikufa, na wengi wao walikuwa wale wakubwa. Waliwaopoa kwa nyavu na kuwazika shambani kwa Mama Kuku. Baadaye walikaa kwenye ngazi ya jikoni, kila mmoja amejifunga nguo kavu aliyoiona mbele yake.

"Jana ulilisha?" aliuliza Bwana Samaki.

"Nililisha."

"Kama kawaida?"

Bi Huenda alitazama mikono yake. "Zaidi. Niliona jua hakuna, nikasema wapate nguvu."

Afisa alishusha pumzi. Hakumkaripia. "Chakula peke yake si nguvu, mama. Seli inahitaji oksijeni ndipo iitoe nguvu iliyomo. Na samaki aliyeshiba anavuta oksijeni zaidi ya mwenye njaa, maana kumeng'enya nako ni kazi. Kile walichoacha kikaoza, na kinachooza kinavuta pia. Ongeza mbolea, ongeza kijani yote ile, ongeza siku tatu za giza." Akamgeukia. "Wangelala njaa siku mbili, wangepona wengi. Kwa nini hukunipigia jana? Wewe hunipigia hata vyura wakilia."

"Niliogopa," alisema Bi Huenda, "kuonekana naogopa."

Mume aliinamia kikombe chake. Mama Kuku akajifanya anatafuta ndoo.

Juma zima Fundi hakuonekana. Bi Huenda alipita karakana mara moja, akaona cheche za moto ndani, akarudi bila kuingia. Alikuwa na hakika sasa kwamba alimpoteza kwa njia nyingine, na alijihesabia lawama zote mbili, ya samaki waliokufa na ya mdogo wake aliyeaibishwa mbele ya watu. Usingizi ukamkataa. Mumewe, ambaye zamani angemtania, aliamka naye tu, akachemsha chai, wakakaa.

Jumapili mchana lango likagongwa. Fundi alikuwa na mkokoteni, na juu yake kitu cha ajabu: gurudumu la baiskeli lililochomelewa mapanga ya bati pande zote, mnyororo na mpini wa kuzungushia kwa mkono.

"Ni la kupigia maji," alisema bila kumtazama dada yake. "Halina umeme."

Wakalisimika pamoja kwenye nguzo mbili za mbao. Alipomaliza kukaza nati ya mwisho Fundi alibaki amechuchumaa, akipangusa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ile pampu niliirudisha," alisema. "Kabla sijairudisha niliiwasha juu ya meza, nikaigusa kwa testa, ile bisibisi ya kupimia umeme. Kwenye bodi, pale nilipokuwa nimeikumbatia. Taa ya testa iliwaka."

Bi Huenda alitaka kumpiga, alitaka kumkumbatia, na hakufanya hata moja. Alikaa chini kwenye nyasi kando yake.

"Mwenye pampu umemwambia?" aliuliza.

"Nimemwambia. Kaitupa."

"Huenda mtu akaiokota."

Fundi akaanza kucheka, cheko la kuvunjika vunjika, akafunika uso kwa mkono wenye grisi. "Nitaenda kuikata waya," alisema. "Leo leo, dada. Nitaenda."

Yaliyofuata hayakuwa makubwa. Mbolea ilipunguzwa. Siku za mawingu hapakuwa na chakula bwawani, hata samaki wakija ukingoni kumwomba, na hilo la kuwanyima lilimtesa Bi Huenda kuliko kusuka kulivyowahi kumtesa. Alfajiri za namna hiyo mumewe alikuwa wa kwanza kutoka, anakaa kwenye kigoda na kuzungusha lile gurudumu, akilalamika kwamba alistaafu usukani mmoja akapewa mwingine. Wasiwasi haukuisha, wala hakuna aliyemwambia tena auache. Alipopiga simu, Bwana Samaki aliuliza kwanza, "Mkono umefika wapi?" ndipo mengine.

Baada ya mavuno ya kwanza waliamua kulijaza lile bwawa dogo. Bwana Samaki alileta vifaranga kwenye mfuko mkubwa wa plastiki, maji kidogo chini na juu umejazwa oksijeni hadi ukawa mgumu kama mpira. Bi Huenda aliupokea kwa mikono miwili. Ndani yake vidude vidogo vya fedha vilikuwa vikienda huku na huku, kila kimoja na moyo wake, kila kimoja kinapumua.

Waliuacha mfuko uelee juu ya maji bila kuufungua, ili joto la ndani na la nje lilingane. Fundi aliushika ukingo mmoja, yeye mwingine.

"Tuwafungulie?" aliuliza Fundi.

"Bado kidogo."

Jua lilikuwa kali, lilimchoma mgongoni. Alingoja, akigusa plastiki kwa kiganja mara kwa mara, mpaka aliposhindwa kutofautisha ubaridi wa upande huu na ule. Ndipo akaifungua kamba. Hewa ikatoka na mlio mdogo. Kwa muda vifaranga walikaa pale pale mdomoni mwa mfuko, kana kwamba hawajaona kwamba pamefunguliwa. Halafu mmoja akatoka, na kundi zima likamfuata, likaingia kwenye maji ambayo ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kuwa kijani.